Kalamu Ilitangulia Mtoto

9 Februari

Shangazi, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako likikubali kupanda ngazi. Sisi hatujambo. Mume wangu bado yuko kwenye lile jengo la ghorofa anavuta nyaya za umeme, anarudi jioni na vumbi la saruji kwenye nyusi kama babu. Kazini wametuhamishia upande wa dirishani, kwa hiyo siku hizi ninashona kola za mashati huku naona ninachokishona. Baba anasema umwandikie mwenyewe, kaka yako si mtu wa kutumiwa salamu kupitia kwa mtoto.

Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Nimekupigia mara nne, shangazi. Kila nikifika kwenye jambo lenyewe mtandao wako unakatika. Barua haikatiki.

Jambo lenyewe ni mtoto. Ana miezi kumi na tatu na haketi. Nikimkalisha analala upande kama mto. Mkono wa kushoto ameukunja ngumi kutwa nzima, hata usingizini. Nikimbadilisha nepi miguu inapishana kama mkasi, na kuitenganisha ni kazi ya kubembeleza. Nimekuwa nikisema haya tangu ana miezi mitano, na nyote mkanijibu kwamba mtoto wa kwanza huchelewa, kwamba huyu ni mpole tu. Mpaka jina la nyumbani mkampa hilo, Mpole, na aliyeanza ni wewe.

Wiki iliyopita niliacha kuwasikiliza, nikampeleka hospitali ya huku, kwenye chumba cha mazoezi. Ni chumba kidogo, kina magodoro sakafuni, kioo kirefu na midoli iliyooshwa mpaka rangi imetoka. Mtaalamu wa mazoezi ni mwanamke mwenye sauti ya mnadani. Alimlaza mtoto, akamgeuza, akamvuta mikono. Akasema ni mtindio wa ubongo. Kisha akasema, "Mama, samaki mkunje angali mbichi. Ubongo wa umri huu bado unajifunza njia, ukizibiwa hapa unapita pale. Sikuahidi kutembea. Nakuahidi kazi."

Nikasema kazi naitaka, tuanze leo. Hapo ndipo akafungua kadi ya kliniki. Ana madaftari mawili. La kwanza ni la watoto wa chini ya miaka miwili waliopata shida wakati wa kuzaliwa, hao wanaingia moja kwa moja, mara mbili kwa wiki. La pili ni la wengine wote, na foleni yake ni miezi tisa. Akasoma kadi, akaniuliza, "Huyu alilia mara moja, pale pale alipotoka?" Kadi ndivyo inavyosema: Alilia mara moja. Mwandiko ni wako.

Mimi sikumbuki hivyo. Basi naomba kitu kimoja, si kikubwa. Mtaalamu anasema mkunga aliyemzalisha akiandika barua kueleza ilivyokuwa, mtoto anaingia daftari la kwanza. Niandikie, shangazi. Ukurasa mmoja unatosha.

Wako,
Kidomo


2 Machi

Mwanangu Kidomo,

Marahaba. Barua yako nimeipata, imesafiri wiki mbili kama bibi harusi. Goti halijambo mvua isiponyesha. Tangu nistaafu Desemba nimepaka rangi sebule, nikahamisha kabati la vyombo, na sasa sijui nihamishe nini tena. Mwambie kaka yangu aache kujidekeza, meno yake ya bandia nimeyaulizia, yatakuwa tayari mwisho wa mwezi.

Nina habari njema. Hospitali yangu inafungua wodi mpya ya wazazi mwezi wa tano, na kamati imeamua kuiita kwa jina langu. Watabandika kibao mlangoni. Miaka thelathini na moja, mwanangu! Mganga mkuu mwenyewe alikuja mpaka kibarazani kwangu kuniambia. Nataka uje, ushone gauni la kunistahi.

Kuhusu Mpole, usijitie presha. Nimeona watoto wengi kuliko idadi ya kola ulizoshona. Wapo waliotembea wakiwa na miaka miwili na leo wanacheza mpira. Hawa wataalamu wa siku hizi wanapenda majina makubwa, mtoto akichelewa kidogo tayari ana ugonjwa wenye jina. Mkande kwa mafuta ya vuguvugu asubuhi na jioni. Subira yavuta heri.

Kuhusu kadi, kadi imeandikwa ilivyoandikwa. Mtu akiwa kwenye uchungu hakumbuki vizuri, si kosa lako.

Msalimie fundi umeme wetu.

Shangazi yako


12 Machi

Shangazi, shikamoo.

Tu wazima. Baba ameshukuru kwa meno. Hongera kwa wodi. Sasa salamu zimeisha.

Unaniambia nilikuwa kwenye uchungu. Uchungu ulikuwa umekwisha, shangazi! Mtoto alikuwa ametoka. Nilikuwa nimelala chali natazama dari, pale penye lile doa la maji, na chumba kilikuwa kimya. Nakumbuka ukimya ule kuliko maumivu. Nilisikia ndoo ikisogezwa. Nilisikia viatu vyako. Nikauliza, "Mbona halii?" Ukasema, "Tulia, huyu ni mpole." Nikauliza tena. Nesi mwenzako akaja akasimama kati yangu na ile meza, kwa makusudi, ili nisione.

Nilikuamini. Nilimwambia kila mtu kwamba mwanangu alizaliwa na adabu zake. Nilikuwa najisifu!

Na bado kuna lingine. Ulipokuja kututembelea ana miezi minne, ulimwogesha. Mimi nilikuwa mlangoni na taulo. Nilikuona ukiikunjua ngumi yake, ikajikunja. Ukaikunjua tena, ikajikunja. Mara ya tatu ukauachilia mkono wake taratibu, ukaenda jikoni, ukakaa huko muda mrefu kwa mtu aliyekwenda kumwaga beseni la maji. Ulirudi ukasema, "Mtoto wako ana afya." Miezi minne, shangazi. Mtaalamu anasema angempata na miezi minne angekuwa na mengi zaidi ya kufanya naye. Nakuuliza: ulijua?

Mafuta ya vuguvugu namkanda. Mafuta hayaingizi mtu daftarini. Wewe unaniambia subira yavuta heri, mimi nakuambia ngoja ngoja huumiza matumbo, na linaloumia si tumbo langu.

Ukurasa mmoja, shangazi.

Kidomo


27 Machi

Binti wa kaka yangu,

Marahaba.

Nimesoma barua yako mara moja na sitaisoma tena. Mikono hii ndiyo iliyokupokea wewe mwenyewe. Mama yako alipofariki ndiyo iliyokusuka nywele na kukufunga vifungo vya sare ya shule. Leo unaniuliza maswali kama polisi.

Kama unataka mtu wa kulaumu, dunia imejaa watu. Mimi nimemaliza kazi yangu kwa heshima, na sitaandika karatasi ya kusema kwamba nilidanganya kwenye kadi ya serikali. Unajua karatasi ya namna hiyo inakwenda wapi? Haiishii kwenye chumba cha magodoro.

Meno ya baba yako yako tayari. Aje kuyachukua mwenyewe.

Shangazi yako


19 Aprili

Shangazi,

Shikamoo leo sina. Ningeiandika ingekuwa uongo, na uongo kwenye karatasi tunao wa kutosha.

Jumatatu ilikuwa siku ya kuandikisha watoto. Niliomba ruhusa kazini, nikafika saa moja asubuhi, nikakaa kwenye lile benchi la ukumbini na mtoto mapajani. Mlango wa chumba cha mazoezi una kioo kidogo. Kwa ndani kulikuwa na mvulana wa umri wa mwanangu amekalishwa juu ya mpira mkubwa, mama yake akimshika kiuno, na yule mtaalamu akipiga makofi mbele yake na kumwita bosi. Mvulana alikuwa anajikaza kuinua kichwa, analia, na mama anacheka na kulia. Nilimwonea wivu mtoto wa mwenzangu anayelia! Zamu yangu ilipofika, karani akafungua kadi, akasoma, akaandika daftari la pili. Miezi tisa. Nilimwambia kadi si ya kweli. Akasema kwa upole kabisa, "Mama, kila mzazi anasema hivyo."

Nilirudi nyumbani nikaitandika kadi mezani chini ya taa ya cherehani, pale ninapokaguliaga uzi. Na unajua kazi yangu, shangazi. Mimi ni mtu wa kutofautisha nyeusi na nyeusi. Nikiletewa kola iliyoshonwa nusu kwa uzi wa jana na nusu kwa uzi wa leo, naiona.

Jina langu kwenye kadi ni wino wa bluu. Umri wangu, mimba ya ngapi, saa niliyofika wodini, bluu. Chini, uzito wa mtoto, jinsia, saa aliyozaliwa, ni wino mweusi. Kalamu mbili. Ya kwanza uliitumia nilipofika, ya pili baada ya mtoto kutoka. Inaeleweka.

Sasa niambie. "Alilia mara moja" ni bluu.

Uliandika kabla hajazaliwa. Uliandika mimi nikiwa bado natembea kwenye ule ukumbi nimeshika kiuno. Ulijuaje? Na kama ulikuwa na mazoea hayo kwangu mimi, damu yako, kwa wengine je? Wangapi, shangazi? Wako wangapi kwenye daftari la pili mahali fulani, na kadi zao zina mwandiko wako mzuri?

Mume wangu anataka kuandika kwa mganga mkuu wako, na wino wenyewe kama ushahidi. Nimemzuia. Si kwa sababu nakuonea huruma. Nataka iandikwe na mkono ule ule ulioharibu.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Ulinifundisha wewe mwenyewe, nilipoficha kidonda cha mguu.

Mama mtoto


2 Juni

Mwanangu,

Sitakudai shikamoo.

Najua ni wiki sita. Nilianza kukujibu mara nyingi, na kila mara nilijikuta nakueleza habari za goti. Baba yako alikuja kuchukua meno, akakaa siku mbili. Alipokuwa anaondoka akasema, "Dada, mtoto yule ni mjukuu wako." Akapanda basi.

Nitakujibu ulivyouliza.

Aliyenifundisha kazi alinifundisha kujaza kadi mapema, kwa sababu mtoto akija mikono inakuwa imelowa na hakuna wa kushika kalamu. Jina, umri, hayo yote. Mstari wa kulia niliongeza mimi. Ilikuwa kama dua, mwanangu. Kalamu itangulie, mtoto afuate. Na walifuata, mmoja baada ya mwingine, wanalia mpaka madirisha yanatetemeka. Asipolia nilikuwa nakata ule mstari na kuandika ukweli juu yake. Kisha miaka ile mganga mkuu wa zamani akaanza kuuliza mbele ya watu kwa nini kadi za wodi yangu zimejaa makato kuliko za wengine. Nikaacha kukata. Ilikuwa rahisi hivyo. Nilijiambia mtoto ameshapumua, kadi itamsaidia nini.

Mwanao hakulia kwa dakika saba. Nilimpuliza hewa kwa mpira wa kupumulia huku naitazama saa ya ukutani. Nilikuwa nimeshika mtoto wa binti yangu, maana wewe ni binti yangu, na wala sikuomba Mungu, nilikuwa nahesabu. Alipolia, sauti ilikuwa ya paka mdogo. Nikasema mpole. Ndilo neno ninalolitumia. Nimelitumia kwa wengi.

Na ndiyo, nilijua. Ile siku ya beseni nilijua. Niliona aibu, nikaiita subira.

Wodi ilifunguliwa Jumamosi iliyopita. Nilikwenda. Sitakudanganya: nilivaa, nilikata utepe, nilipigwa picha chini ya kibao. Watu walipotawanyika akanijia dada mmoja muuza mboga, amebeba mtoto niliyemzalisha wiki ya mwisho ya kazi yangu. Ana miezi mitano. Akaniambia kwa furaha, "Mama Mkunga, ulisema kweli, huyu ni mpole, hata kwa njaa halii." Nikamshika mtoto mkono kumsalimia. Ngumi. Nikaikunjua, ikajikunja.

Nikamwambia ana mtoto mzuri. Nikaondoka.

Sijalala vizuri tangu hapo. Waliolia mara moja nimewasahau wote, mwanangu, ila wasiolia nawakumbuka mmoja mmoja. Nimekaa mezani nikawaandika wale walio bado chini ya miaka miwili. Ni kumi na mmoja pamoja na wako na huyo wa muuza mboga. Nimeandika na wanapokaa. Bado sijagonga mlango hata mmoja. Najipanga jinsi ya kuanza, maana si maneno ya kusema mlangoni kwa mtu.

Barua ya mtaalamu wako nimeiambatisha. Nimeeleza dakika saba, nimeeleza wino, nimetia sahihi na namba yangu ya ukunga. Nakala nimempa mganga mkuu mkononi. Aliisoma amesimama. Sijui watafanya nini na kibao, na sijamuuliza.

Naomba kitu kimoja nami. Niruhusu nije. Nikae kwako, nimfanyishe mtoto mazoezi ukiwa kazini, nioshe, nipike, unigombeze unavyotaka. Nataka kumhudumia kabla sijafa.

Shangazi yako


13 Juni

Shangazi,

Barua hii siipitishi posta. Nampa kondakta wa basi la asubuhi, ameahidi kukuletea mpaka mlangoni, kwa sababu simu yako nimeipiga tangu jana na imezimwa.

Karatasi yako imepokelewa. Mtaalamu aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema katika kazi yake hajawahi kuona mkunga akiandika hivyo. Akamwita karani, jina likahamishwa mbele yangu. Tumeanza Jumatano. Mwanangu anachukia mazoezi kwa moyo wake wote. Analia mpaka walioko kwenye benchi wanachungulia kwenye kioo, anamrushia mtaalamu mguu, na mtaalamu anamwambia, "Nitukane, bosi, nitukane." Jana alikaa peke yake, mgongo ukiwa umepinda, nikahesabu mpaka tisa kabla hajaanguka. Neno mpole hatulitumii tena nyumbani kwetu. Tunamwita kwa jina lake.

Kwa hiyo asante. Nimeiandika, umeiona. Sasa nisikilize.

Nina hasira, shangazi. Nilidhani karatasi ikija zitapungua, na zimeongezeka, kwa sababu sasa najua kwamba haukuwa uongo wa siku moja. Nilifikiri ulimficha mwanangu kwa kunipenda vibaya. Kumbe ulimficha kwa kuogopa makato kwenye kadi! Miezi kumi na tatu ya mwanangu, ili kadi iwe safi. Sijui nitakusamehe lini. Labda nitakusamehe siku moja nikiwa nakunja nguo, bila kujua. Si leo.

Na unataka kuja. Uoshe vyombo vyangu, nikugombeze, ujisikie umelipa. Hapana. Mwanangu ana mimi, ana baba yake, ana mtaalamu mwenye sauti ya mnadani. Ana babu mwenye meno mapya anayemwimbia nyimbo za jeshi na kumkanda miguu kila jioni. Mwanangu ana mikono ya kutosha.

Nimesoma mstari wako ule mara nyingi kuliko yote mengine. "Nikamwambia ana mtoto mzuri. Nikaondoka." Wiki moja kabla ya kuniandikia! Ukiwa tayari umesoma barua zangu zote, unajua kila kitu ninachokijua, ulimshika mtoto yule mkono ukafanya kwa mama yake kile kile ulichonifanyia mimi. Nilipofika hapo nilitupa karatasi sakafuni. Mume wangu aliiokota.

Unasema unajipanga jinsi ya kuanza. Huanzi na maneno mazuri. Unagonga, unasema: mimi ndiye niliyemzalisha mwanao, hakulia, niliandika uongo, mpeleke akaangaliwe, twende pamoja sasa hivi. Atakutukana. Simama hapo hapo utukanwe, kisha mbebee mkoba wa mtoto mpaka hospitali. Ukitoka hapo nenda mlango unaofuata. Wote kumi. Na kila unayempeleka, mwandikie karatasi kama uliyoniandikia mimi.

Nilimuuliza mtaalamu kuhusu mtoto wa miezi mitano. Nilimuuliza tu, bila kusema ni nani. Aliacha alichokuwa anakifanya. Akasema, "Miezi mitano? Nani anaye? Mleteni kesho!" Ulipaswa kuona uso wake. Sijawahi kumwona akitaka kitu namna ile. Kwa mwanangu hakuwa na uso huo.

Usinijibu barua hii. Usipake rangi, usihamishe kabati, usimsubiri kondakta akupe habari zetu. Leo ni siku ya soko, muuza mboga yuko nje na mtoto yuko mgongoni kwake. Vaa viatu uende.

Mama mtoto